Mkate Usio wa Patron

Kitu cha kwanza Ernestine alichomnyang'anya Patron Zéphirin kilikuwa Jumapili.

Kabla ya hapo Jumapili ilikuwa ya Patron, kama zilivyokuwa siku nyingine zote. Zéphirin alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale Salamabila. Alikuja kutoka Uvira na begi moja begani, na sasa alikuwa na kontwari ya kununulia dhahabu sokoni, mashimo kadhaa mlimani na nyumba ya bati la buluu isiyokaukiwa wageni. Ernestine ndiye aliyewapikia wageni hao, akafua mashuka yao, akachota maji yao na kupiga deki kila walipokanyaga. Yeye, mumewe Gédéon na watoto wao walilala katika vyumba viwili vya nyuma, ndani ya ua uleule wa Patron, kwa hiyo hapakuwa na saa ambayo mtu angeshindwa kumwita. Majirani walimwita Mama Espoir, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Patron alimwita "mama wa jikoni".

Basi ikafika habari kutoka Kasongo kwamba mama yake mdogo, Yvette, amefariki. Yvette ndiye aliyemlea. Alikuwa mpishi wa parokia, na ndiye aliyemfundisha Ernestine, angali msichana, namna ya kukanda unga wa ngano mpaka uache kunata mkononi. Ernestine alifuta mikono, akaenda kontwarini kuomba ruhusa.

"Nani atapika?" Patron aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye mizani.

"Mama mudogo wangu amekufa, Patron. Nitarudi kisha matanga."

"Niko na wageni kutoka Bukavu. Wafu hawali, mama. Wageni wangu wanakula."

Alipika. Alikaanga samaki, akatia chumvi kwa kipimo chake, akapanga sahani mezani, na hakulia mbele yao. Lakini Yvette alipozikwa bila yeye kutupa hata konzi moja ya udongo kaburini, kitu kilijikaza ndani yake kama fundo la kamba iliyolowa maji. Hakikulegea tena.

Wiki hiyohiyo alimwendea Patron alipokuwa akinywa chai barazani.

"Patron, siku ya Jumapili sitafanya kazi tena."

Zéphirin alidhani anataka kwenda kusali. Alicheka kidogo, akasema Mungu asije akamlaumu yeye, basi aende. Ernestine hakumsahihisha. Alienda misa ya kwanza, ni kweli, na aliporudi alifunga kitenge kiunoni, akamwambia Gédéon wapande kilimani wakavunje kichuguu.

Gédéon alikuwa mchimbaji zamani, hadi shimo lilipomporomokea na kumvunja mguu. Lilikuwa shimo la Patron, na Patron ndiye aliyempakia kwenye pikipiki yake mwenyewe hadi hospitali. Tangu hapo Gédéon alitembea akichechemea, na kila alipolitaja jina la Patron alishusha sauti. Alifyatua matofali kwa ajili ya watu, kazi ya kukaa chini.

"Unataka kujenga furu," alisema alipoona mkewe anachora duara nyuma ya jiko. Furu ndivyo watu wa huku wanavyoliita tanuri la mkate. "Wapi? Hapa? Nyumba tunalala ni yake. Hata kivuli ni chake."

"Matofali ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi lete."

Akaleta. Gédéon hakuwa mtu wa kukataa kazi ya mikono yake. Walijenga tanuri la mviringo, mgongo wake kama wa kobe, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu. Walipowasha moto wa kwanza lilipasuka ubavuni, wakaliziba. Mkate wa kwanza ulitoka na tumbo bichi. Uliofuata ungeweza kupigilia msumari. Ernestine alikumbuka kwamba Yvette alikuwa akirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri, akiutazama rangi yake kabla ya kuingiza mkate. Akafanya hivyo. Jumapili nyingine mikate ilivimba ikafura mashavu, na harufu yake ikaruka ukuta wa Patron ikaenda zake barabarani.

Wateja wake walikuwa wachimbaji. Walipita alfajiri kwenda mlimani na makoleo begani, wengi tumbo tupu, kwa sababu ugali hauliwi saa ile na chai peke yake haitii nguvu mgongoni. Mkate wa dukani ulikuwa unatoka mbali kwa pikipiki, ukifika umechoka kuliko waliouleta. Wa Ernestine ulikuwa wa moto. Alisimama kando ya lango na beseni lililofunikwa kitambaa, na kabla jua halijapanda beseni lilikuwa tupu.

Siku moja kwa wiki ikawa siku tatu, kisha kila siku. Hapo ndipo aliponyang'anya cha pili, asubuhi.

"Na chai yetu nani atatia motoni?" aliuliza Mama Fifi, mke wa Patron.

"Chai ni maji na majani, Mama. Nitakuja nikimaliza kuuzisha."

Mama Fifi alinung'unika, lakini alinung'unika akiwa na kipande cha mkate mdomoni. Kwa sababu hilo nalo lilikuwa limeanza bila mtu kulitamka: kila asubuhi Patron alituma mtu nyuma ya jiko kuchukua mikate ya meza yake, bila kuuliza. Ernestine aliacha ichukuliwe. Alijua kwamba tanuri limekaa kwenye ardhi ya mtu, na mwenye ardhi ana namna yake ya kukumbusha.

Alikumbusha siku ya wageni. Walikuwa wanunuzi wenzake, wamekaa mezani na shati zao safi. Ernestine alikuwa akiingia na bakuli la supu aliposikia Patron anasema, akivunja mkate:

"Huu mukate iko wangu. Nimefungua bulanjeri hapa nyuma. Huyu mama ni mufanyakazi wangu, mimi ndiye nimemuweka."

Wageni walisifu. Ernestine aliweka bakuli mezani, akasimama wima, akasubiri labda mtu atamwangalia. Patron alimwangalia, tena kwa furaha ya kweli, kama mtu anayetoa zawadi.

"Nimefikiri, mama. Kuanzia Siku ya kwanza, Jumapili ikiisha, hutapika tena. Nitatafuta mupishi mwingine. Wewe utachoma mukate tu, kutwa. Nitakuongezea mushahara. Tutaweka na kibao pale mbele, na jina langu."

"Nimesikia, Patron," alisema Ernestine.

Gédéon alipopata habari alishukuru Mungu kwa sauti. Mshahara mkubwa, kazi moja badala ya kumi, mkewe hatafua tena mashuka ya watu. Alizungumza muda mrefu, na Ernestine alimwacha azungumze huku akichambua maharagwe.

"Umemwambia ndiyo?" hatimaye akauliza.

"Nimemwambia nimesikia."

Gédéon alimtazama, akajishika goti lake bovu. "Ernestine. Yule mutu alinibeba."

"Alikubeba kutoka kwenye shimo lake, Baba Espoir. Na wewe umemulipa kwa miaka yote hii ukiinamisha kichwa. Mimi sikuanguka kwenye shimo lake. Mimi sina cha kumulipa."

Lakini Gédéon alikuwa mtu wa kusikia neno polepole, kama udongo unavyonywa maji.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko, njia imejaa watu. Ernestine alisubiri jua lipande vizuri ili kila mwenye macho aone. Akachukua jembe, akaenda nyuma ya jiko, akapiga tanuri lake mgongoni. Lilitoa mlio wa chungu kinachopasuka. Akapiga tena. Gédéon alisimama mlangoni, halafu akachechemea mpaka pale, akaketi chini na kuanza kukwangua udongo kwenye tofali moja moja, akiyapanga pembeni yale mazima. Ernestine naye hakumwangalia, maana angemwangalia angelia, na hakutaka kulia ndani ya ua ule.

Patron alitoka mbio na kandambili mguuni.

"Unafanya nini? Unaharibu mali yangu?"

"Udongo iko wako, Patron," alisema Ernestine. Alikuwa amelowa jasho na vumbi lilikuwa limemkaa usoni kama unga. "Ndiyo ninaurudisha chini, uone haujapungua. Matofali alifyatua bwana yangu. Hayo ninabeba."

"Nimekupa kazi. Nimekupa nyumba. Ningekupa bulanjeri."

"Ulikuwa unanipa kitu changu."

Watu walikuwa wamejaa langoni, na miongoni mwao wachimbaji aliokuwa akiwauzia alfajiri. Zéphirin aliwaona. Alikuwa mtu mwenye kujali anavyoonekana, na sauti yake ikashuka ikawa ya baridi.

"Jua likizama sitaki kukuta hata sufuria yako katika parseli yangu, ndani ya ua huu."

"Hutakuta," alisema Ernestine.

Alijaza beseni matofali, akalitwika kichwani, akatoka langoni. Alikuwa ameshapajua pa kwenda. Karibu na msikiti aliishi Mama Hidaya, mjane wa Kasongo aliyeuza vitumbula vya mchele, na mama huyo alikuwa amemwambia, bila maneno mengi, kwamba nyuma ya nyumba yake kuna pembe isiyo na kazi na chumba kimoja kinachovuja. Ernestine alipokuwa anarudi kuchukua mzigo wa pili alikutana na mchimbaji aitwaye Alimasi, kijana mwenye mabega mapana, ameshika matofali mawili kila mkono. Nyuma yake walikuja wengine. Hakuna aliyewaita. Mmoja alikuwa akilalamika kwamba kesho asubuhi atakula nini, akalalamika njia nzima, lakini alibeba.

Tanuri likasimama tena, dogo kuliko la kwanza, kwa sababu matofali mengine yalivunjika.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka, lakini mvua haikutaka. Mvua za mwaka ule zilikula barabara. Upande wa Kasongo daraja la miti lilikwenda na maji; upande wa Kabambare pikipiki zilizama kwenye tope hadi kwenye matangi. Unga wa ngano ukaadimika, kisha ukakosekana kabisa. Ernestine alikung'uta gunia la mwisho, akachoma mikate michache midogo, na baada ya hapo tanuri likakaa baridi, kuku wa Mama Hidaya wakaanza kutagia ndani yake. Watoto walikula mara moja kwa siku. Chumba kilivuja juu ya kitanda.

Wakati huo ndipo Mama Fifi alipomtuma mtu kwa Ernestine. Wapishi wawili walikuwa wamekuja na kuondoka, mmoja aliunguza, mwingine aliiba. Je, Mama Espoir hawezi kurudi?

Ernestine alifikiri usiku na mchana wake, kisha akaenda. Salamabila yote ilipata cha kusema. Wale waliobeba matofali waliona aibu kwa niaba yake, na Alimasi alipokutana naye njiani aligeuza uso. Patron alimngoja barazani, miguu juu ya stuli, ametulia kama paka aliyeshiba.

"Nilijua. Umerudi."

"Nimekuja kufanya kazi, Patron. Sikurudi." Alibaki amesimama. "Nitapika. Sitafua. Jua likifika kichwani ninaenda kwangu. Na kila Siku ya Posho, wiki ikiisha, unanipa changu mukononi, hapa hapa. Ukikubali ninaingia jikoni. Ukikataa, sawa, kuna wapishi wengi Salamabila."

Zéphirin alijua, na tumbo lake lilijua zaidi, kwamba hawako wengi. Alikuwa ametayarisha maneno ya kumsamehe, na sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Umekuwa na kichwa kigumu sana."

"Ndiyo, Patron."

Akaingia jikoni. Jua lilipofika kichwani akavua aproni, akaenda zake, sufuria ya jioni ikiwa tayari imefunikwa. Kesho yake hivyo hivyo. Mama Fifi alijaribu mara moja kumchelewesha na nguo za kupiga pasi. Ernestine alizikunja vizuri, akaziweka juu ya kiti na kuaga kwa heshima zote.

Mchana wake ulikuwa wa kazi nyingine. Unga wa ngano ulitoka mbali kwa magari na pikipiki, na ndiyo sababu barabara ilikuwa na nguvu ya kumlaza njaa. Lakini mchele ulitoka Wamaza. Wakulima waliuleta kichwani na kwa baiskeli, kwa vijia ambavyo hakuna gari lililowahi kupita, na kwa hiyo hakuna tope lililoweza kuvifunga.

"Mama Hidaya," alisema Ernestine siku moja, akimwangalia mjane akikoroga uji wa vitumbula, "huu mchele wako ukiingia ndani ya furu utakuwa nini?"

"Utakuwa mkate wa mchele. Bibi yangu alikuwa anaufanya Kasongo wakati wa Idi, na moto juu na chini." Mama Hidaya alikoroga kidogo. "Lakini mimi sina moto wa juu. Nina kikaango."

"Mimi niko na moto wa juu na chini, na sina kitu cha kutia."

Wakaangaliana. Mama Hidaya akacheka kwanza.

Haikuwa rahisi. Mchele uliolowekwa na kusagwa ulimwagika kama maziwa, haukutaka kukandwa, kwa hiyo wakatafuta makopo ya maziwa ya unga, wakayapaka mawese ndani na kumimina humo. Chachu ya dukani ilikuwa imekwisha pamoja na ngano. Gédéon alipendekeza pombe ya mchikichi, jinsi watu wa kijijini kwao walivyofanya, na Mama Hidaya akamjibu kwamba pombe haitapita mlango wake hata ikija imevaa kanzu. Wakaozesha ndizi mbivu kwenye chungu. Zikachachua, polepole, lakini zikachachua. Mkate ulitoka mzito, wa manjano, mtamu kidogo, na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia ni kwamba haukukauka. Mchimbaji aliweza kuutia mfukoni, akateremka nao shimoni, na kesho yake bado ukawa laini.

Alimasi alikuwa wa kwanza kuurudia. Alisimama mbele ya beseni, akakohoa.

"Mama Espoir, nilifikiri umetuangusha."

"Nilijua ulifikiri. Unataka ngapi?"

Mikate ya mchele ikaenda mlimani, ikaenda hadi Wamaza kwenye mizigo ya wakulima waliokuwa wameleta mchele wenyewe. Gédéon akajenga tanuri la pili, kubwa, akaliweka mlango wa pipa lililokatwa. Siku hizo alikuwa akiimba kwa Kizimba, lugha ya kwao, akifanya kazi, jambo ambalo mkewe hakulisikia tangu mguu ulipovunjika. Na pale tanuri hilo lilipokauka, Ernestine alienda kwa Patron kwa mara ya mwisho. Alipika mboga za siku ile, akaosha vyombo vyote, akatundika aproni kwenye msumari.

"Kesho sikuji, Patron. Wala kesho kutwa. Ninakuaga."

Zéphirin alikuwa akijua siku hiyo itafika, lakini mtu anaweza kujua mvua itanyesha na bado akalowa. Alisogea mbele kitini.

"Tufanye wawili. Mimi ninaleta pesa, wewe unaleta mikono. Nusu kwa nusu. Nitakujengea nyumba ya furu yenye bati. Si kwa jina langu peke yangu, tutaandika majina yote mawili."

Lilikuwa jambo la maana, na Ernestine hakulidharau. Alilipima. Bati lingezuia mvua. Pesa ingenunua gunia badala ya kikombe.

"Hapana, Patron. Asante."

"Kwa sababu gani? Niambie sababu. Ni ile ya mufu wako wa Kasongo?"

Ernestine hakutegemea kwamba anakumbuka.

"Ile ilinifungua macho. Lakini sababu siyo ile. Sitaki mutu wa kuniuliza sababu."

Akatoka kwa lango kubwa la mbele, ambalo wafanyakazi hawakupita. Mlinzi alilifungua bila kuambiwa.

Patron hakusamehe upesi. Kwa muda alikataza watu wa nyumba yake kununua kwake, na Mama Fifi alikuwa akimtuma jirani kwa siri. Chumba cha Mama Hidaya kiliendelea kuvuja hadi kiangazi. Barabara ilipofunguka na ngano ikarudi, mwokaji mwingine alifungua karibu na soko, mikate yake myeupe na mirefu, na baadhi ya wateja walihamia. Ernestine alienda kuionja, akaona ni mizuri, akarudi kuongeza mawese kwenye makopo yake.

Asubuhi moja ya wiki hizo alisahau kufungua mlango wa tanuri kubwa akizungumza na mkulima wa Wamaza, na uokaji mzima ukaungua juu, mweusi ti. Gédéon alikuja mbio kwa moshi, akasimama, akamtazama mkewe usoni akiwa na wasiwasi, kama mtu anayengoja kusikia nani atakasirika. Hakukuwa na mtu wa kukasirika. Ernestine alitoa mkate wa kopo moja, akaukata katikati kwa kisu, akatupa ganda jeusi kwa kuku, akampa Mama Hidaya nusu ya kiini chenye moshi na kula nusu nyingine akiwa amesimama.

"Iko chungu," alisema Mama Hidaya.

"Iko chungu sana," alikubali Ernestine, na akainama kuchochea kuni.